Glovu za Siku ya Wageni

Jumatano asubuhi nilipigiwa simu kutoka mtaa wa Likombe nikaambiwa kwamba yule mama mbangua korosho amefariki, na maziko ni alasiri. Ninyi wasomaji wangu hamkumjua, na kosa ni langu. Nilipaswa kuwasimulia habari zake miaka mingi iliyopita.

Mwishoni mwa miaka ya tisini alikuwa akibangua korosho za kwenda nje katika kiwanda kimoja kidogo hapa Mtwara. Kazi hiyo waliachiwa wanawake. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na kinga yao ilikuwa kujipaka majivu, basi. Siku walipokuja wanunuzi wa kigeni, nami nikiwa mmoja wa waandishi walioalikwa, nilikuta kila mwanamke amevaa glovu mpya, nyeupe. Nikapiga picha. Yeye, ambaye tulifahamiana kwa kuwa alikuwa jirani wa dada yangu, akavua zake mbele ya wageni na kunyoosha mikono. Vidole vilikuwa vyeusi, viganja vimebabuka.

"Hizi tumepewa leo," alisema. "Mkiondoka tu, zinarudi stoo."

Msimamizi akacheka harakaharaka. "Mama, wageni wana safari. Vaa tuendelee."

"Waambie kwanza. Waambie kwa lugha yao."

Hakuna aliyewaambia. Kiingereza nilikijua, nikanyamaza. Kesho yake alizuiwa getini, akaambiwa nafasi zimejaa. Gazeti nalo likatoka na picha yangu ya glovu, pamoja na sifa tele za kiwanda.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta mtaa wa Rahaleo akiuza mihogo. Nikaanza kujieleza, akanikatiza.

"Kaka, wale wageni siwalaumu, hawakunielewa. Wewe ulinielewa."

Akanifungia mihogo, akamgeukia mteja mwingine.

Kiwanda kile kilishafungwa. Siku hizi korosho zinapakiwa melini na maganda yake, zikabanguliwe ughaibuni, na kwenye mikutano tunabishana kuhusu bei tu. Wanawake wale wamebaki na makovu, kazi hawana, na sijasikia mkutano hata mmoja ukiwauliza hali. Inaniudhi, na ninayeudhika ni mmoja wa walionyamaza.

Nimejifunza kwa kuchelewa: ukimsikia mfanyakazi anasema kweli mbele ya wakubwa, irudie palepale, kabla gari la wageni halijawashwa. Ukiisubirisha, utaishia kuandika makala kama hii, ambayo msema kweli mwenyewe hawezi tena kuisoma.