Wiki Tatu Nilizonyamaza

Mwaka wangu wa pili wa uzamivu wa akiolojia, Brussels, nilipewa niyachunguze makasha yaliyotoka Katanga. Vilivyomo vilikuwa vimechimbuliwa huko miaka ya mwisho ya ukoloni, kwenye makaburi ya kale kando ya mto, kisha vikakaa katika ghala la chini la taasisi iliyonipa ufadhili. Ndani mlikuwa na vigae vya vyungu, bangili za shaba na mifupa ya samaki. Kila mfuko ulikuwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa Kiswahili. Mimi ni mtu wa Iringa, nikadhani hapo sina shida. Nilishindwa siku ya kwanza. Kilikuwa Kiswahili cha kwao, kimeandikwa kama kinavyotamkwa, na penseli ilikuwa imefifia.

Mwenye duka ninakonunua unga, kule Molenbeek, akanielekeza kwa mzee mmoja mzaliwa wa Likasi. Alikuwa amestaafu baada ya kufagia ofisi za Quartier européen, mtaa wa Umoja wa Ulaya, miaka mingi. Alikuja Jumanne amevaa suti na tai, akavaa miwani, akasoma karatasi ya kwanza bila kukwama.

"Huyu muntu alijuaka kuandika," alisema. "Angalia, mustari hata moja haipindi."

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila Jumanne. Yeye anasoma, mimi naandika. Ananiita mutoto yangu, mimi namwita papa. Siku moja, tukinywa kahawa, akaniambia habari za baba yake bila mimi kumuuliza.

"Alikwendaka kazi ya bazungu, hakurudia. Batu balisema alipata bibi ingine kule. Mama alichoma nguo yake yote. Mi nilikuwa ku mugongo bado, sikumujua. Yaya yangu njo anamukumbuka. Baba alikuwaka anamubeba ku mabega."

Yaya, kwao, ni dada mkubwa. Jina lake papa mwenyewe lilikuwa la baba huyo. Mama yake hakumwita kwa jina hilo hata siku moja.

Mwezi Machi, ukoo wa Mbelgiji aliyesimamia uchimbaji ule ulituletea daftari zake. Nilizisoma peke yangu, Jumatano asubuhi. Katika ya tatu aliandika kwamba mvua ilinyesha usiku kucha, na ukuta wa shimo ukamwangukia mfanyakazi wake wa kuandika lebo. Walipomtoa alikuwa amekwisha kufa. Alizikwa siku hiyohiyo nyuma ya kambi, na barua ikapelekwa kwa wakuu wa wilaya. Palikuwa na jina lake na kijiji alichotoka. Mstari uliofuata ulisema kazi itaendelea Jumatatu.

Jina lilikuwa la papa. Kijiji kilikuwa kile cha baba yake alichokuwa akinitajia.

Nilikwenda kwa msimamizi wangu. Akasema tusikurupuke, kuna kamati ya maadili, tuandike barua tusubiri jibu. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini nisimsingizie yeye peke yake. Mimi nilikuwa nimekwishaanza kuona sura ya tasnifu yangu ikijengeka juu ya ukurasa ule, na nilitaka kila kitu kiwe kimethibitishwa, kimepigwa picha, kimepewa namba.

Papa alikuja Jumanne iliyofuata, na nyingine tena. Nilimmiminia kahawa. Alisoma lebo, akausifu mwandiko, nami nikainamisha kichwa nikaandika.

Jumanne ya tatu hakuja. Alinipigia simu. "Yaya amekufa," alisema. "Ni tension, damu ilipanda. Alianguka ku soko."

Ruhusa ya kamati ilitoka Ijumaa ya wiki hiyo.

Nilikwenda kwake Jumamosi na nakala ya ukurasa. Mkewe alinikaribisha, akaleta chai. Nilisoma Kifaransa, kisha nikakieleza kwa Kiswahili, polepole. Papa alichukua karatasi, akalitafuta jina, akaliwekea kidole.

"Donc, kumbe hakutuacha."

"Hakuwaacha, papa."

"Na ile mwandiko?"

"Ni wake."

Alivua miwani. Mkewe akaja akasimama nyuma yake, mikono mabegani mwake. Nilidhani nimemaliza sehemu ngumu.

"Ulijua siku gani?" akaniuliza.

Ningeweza kusema jana. Nikasema, "Wiki tatu zilizopita."

Nilimwona akihesabu. "Yaya alikuwa muzima."

"Ndiyo, papa."

"Nilikuwa naongea naye kila siku ya Mungu. Ningemuambia na simu tu. Dakika moja, maman, haikuomba hata dakika mbili."

Siku zote nilikuwa mutoto wake. Hapo nikawa maman, kama mama yeyote wa ofisini. Akamwomba mkewe aniletee koti langu.

Miezi ikapita. Nililala na kuamka nikimfikiria yule dada ambaye sikumwona hata kwa picha, aliyekufa akiamini kwamba yule aliyembeba mabegani alikwenda kulea watoto wa mwanamke mwingine. Sura ile ya tasnifu niliianza mara nne. Sikuiandika.

Oktoba simu ililia. Ni papa. Ukoo wao ulikuwa unakutana Likasi kufanya kilio cha baba, na walitaka kusikia ukurasa ule.

"Sijakusamehe bado," alisema. "Lakini weye njo ulisoma ya kwanza. Kuja usome."

Sebule ya papa ilijaa watu. Aliweka simu mezani, sauti juu, na upande wa pili, Likasi, nikasikia kikohozi na viti vikivutwa. Nilisoma mpaka neno la mwisho. Kilio kilipanda kule, kikashuka. Kisha sauti ya mwanamke mzee ikauliza:

"Balimuzika na sanda?"

"Haikuandikwa, mama."

"Kichwa ilielekea wapi?"

Katika daftari hiyohiyo, mifupa yote ya kale iliyofukuliwa imepimwa. Imeandikwa kichwa kilielekea wapi, magoti yamekunjwa vipi, mkono uko juu au chini ya kifua. Kwa yule aliyeiandikia lebo palikuwa na mistari minne tu.

"Sijui, mama," nilisema. "Hakuna aliyeandika."

Simu ilipokatwa, papa aliniuliza kama kaburi linaweza kupatikana. Alikuwa ananitazama kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi. Nilimwambia kwamba ramani zote nimezipekua. Walichora mashimo, kambi hawakuichora.

Aliitikia kwa kichwa, kisha akainuka kwenda kumsaidia mkewe kugawa chakula. Baadaye akaniletea sahani, akaiweka mbele yangu.