Mistari Minane ya Mzee Kamugisha

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyofuta kazi ya mtu bila hata kumsalimia. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na sita, nina kompyuta yangu pale Kayanga, na kichwa kimejaa sifa.

Kazi yangu ilikuwa kutunza kiini, yaani programu ya msingi, cha mfumo wa kompyuta unaoendesha visanduku vya umeme wa jua kwenye zahanati. Kisanduku ndicho kinachowasha na kuzima jokofu la chanjo. Vilikuwepo vya zamani na vipya, kila aina na prosesa yake, yaani ubongo wake. Kiini kilikuwa kimoja kwa vyote, lakini vipande vidogo ndani yake viliandikwa kwa ajili ya prosesa moja moja. Kila toleo jipya lilipotoka, mimi ndiye niliyerekebisha vipande hivyo vikubaliane nalo.

Safari hiyo toleo jipya lilikataa mistari minane ya maagizo iliyoandikwa kwa prosesa ya zamani. Aliyeiandika, Mzee Kamugisha, alikuwa amestaafu na kurudi kwenye kibanja chake Igurwa. Kuuliza si ujinga, lakini niliona aibu. Tuseme kweli, kilikuwa kiburi. Nikaifuta, nikajaribu kwenye kisanduku kipya, kikawaka, nikatuma toleo hilo zahanati zote.

Asubuhi akapiga simu muuguzi wa zahanati moja upande wa Bugomora. Kisanduku chao, cha zamani cha mwisho kilichokuwa bado kazini, kimezimika na hakiamki. Jokofu halijafunguliwa ili ubaridi usitoke, ila kipimajoto kimefika nyuzi sita. Kikipita nane, chanjo zote ni za kutupwa, na kesho ni siku ya kliniki ya watoto. "Waitu, ndugu yangu, fanya haraka," akasema, akakata.

Toleo la awali sikulihifadhi. Nikabeba kompyuta na kisanduku kimoja cha zamani, ambacho mezani kwangu kilikuwa cha kukandamizia karatasi tu, nikapanda pikipiki mpaka Igurwa. Mzee alikuwa anageuza kahawa kwenye jamvi. Nikapiga goti, shikamoo, nikaeleza huku nahema. Hakuacha reki mpaka nilipomaliza.

"Mistari hiyo uliijua kazi yake?"

Nikasema hapana.

"Ukikuta omuramura kwenye kibanja cha watu, binti, utaung'oa?"

Omuramura ni ule mmea tunaopanda mpakani na makaburini. Hapa kwetu hakuna anayeung'oa kabla ya kuuliza wenyeji. Nikajibu hapana tena, machozi yakanitoka.

Akanieleza kwamba prosesa ile ikiwashwa, saa yake ya ndani huchelewa kutulia, na mistari ile ilikuwa inakiambia kiini kingoje. Kikiisoma saa hiyo mapema, kinakwama. Tukaiandika mistari ile upya kwa namna ambayo toleo jipya linaikubali. Nilipofunga kompyuta nikimbie, akanishika mkono: kwanza tuijaribu kwenye kisanduku nilichobeba, tukiwashe mara tatu. Nilimchukia kwa dakika zile, nasema wazi. Basi kikakwama mara ya kwanza. Tulikuwa tumekosea, nami nilitaka kukimbia na kosa lile hadi Bugomora. Tukarekebisha, kikawaka mara tatu mfululizo.

Nilifika saa saba mchana, vumbi hadi kwenye meno. Kipimajoto kilisoma saba na nusu. Nikaweka toleo tuliloandika, jokofu likaanza kunguruma. Muuguzi na mimi tulikaa sakafuni tukitazama ile namba mpaka ilipoanza kushuka. Hakunishukuru, na hakupaswa kunishukuru.

Msimu wa kahawa uliofuata tulimzika Mzee Kamugisha. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko hata siku ile. Ningefuta mistari ile mwaka mmoja baadaye, ningekwenda Igurwa kumuuliza nani?

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: usifute usichokijua kwa sababu tu kimekuzuia njia. Jaribu kazi yako kwenye mashine iliyo kongwe kuliko zote, maana huko ndiko watu wanakokutegemea. Hifadhi toleo la jana. Na kila mstari mgumu uandikie sababu yake pembeni. Mzee, pamoja na hekima yake yote, hakuandika, kumbukumbu ikabaki kichwani mwake tu. Mungu akupe subira ya kuuliza wazee wangali hai. Na siku watakapokuja kukuuliza wewe wasikukute, wakute umeandika.