Kibao cha Delbert

Miaka tisa kibao cha Delbert Hatchett kilisimama kando ya barabara, mbele ya shamba lake la karanga huko Alabama: WASHINGTON, TUACHENI. JIMBO LETU LATUTOSHA. Mwaka juzi kimbunga kilipoezua nyumba ya jirani yake, mjane Verlene, Delbert ndiye aliyemchania fomu ya msaada wa serikali kuu ya Washington.

"Dada, sisi si ombaomba!"

Verlene akamsikia. Mpaka leo analala sebuleni kwa binti yake.

Wiki iliyopita kimbunga kingine kikamgeukia Delbert. Fomu yake aliijaza kabla kahawa haijapoa. Mafundi wa Washington wakaja na turubai la buluu, wakaokota mbao zozote zilizotapakaa uani, wakaziba paa bure.

Verlene akamletea mkate wa mahindi.

"Kula, kaka. Afadhali wewe umepata."

Wala hakumkejeli. Heri angemtukana!

Delbert akauweka mkate mezani. Akaenda kujilaza. Juu ya kitanda, pale dari ilipong'oka, tundu lilikuwa limezibwa kwa kibao chake mwenyewe, maandishi yakimtazama: TUACHENI.