Dada Yangu Aliyeamua Kuwa Mzungu

Dada yangu alitutangazia Jumapili moja, tukila githeri nyumbani kwa mama, huko Riruta, kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni mzungu. Hakuwa anatania. Baba yetu alikuwa mzungu, akasema, na mtu aliyezaliwa na pande mbili ana haki ya kuchagua upande mmoja.

Mama, Mkamba aliyetulea peke yake tangu baba arudi kwao, aliendelea kutafuna. Mimi ndiye niliyepandwa na hasira. Nilimuuliza dada: huyo baba, ambaye hata sura yake hatuikumbuki, alimwachia nini cha kizungu zaidi ya ngozi. Akanijibu kwa utulivu ulionikera zaidi.

"Na wewe si umechagua kuwa Mkamba? Mimi nikichagua inakuwa makosa?"

Nilimwambia sikuchagua, ndivyo nilivyolelewa. Akanicheka.

Baada ya hapo hakushikika. Mama akimpigia simu kwa Kikamba, alijibu kwa Kiingereza, na mama akaendelea na Kikamba chake kana kwamba hajasikia kitu. Dada alifanya kazi na wazungu katika ofisi moja hapo mjini, na alijisifu kwamba wao walimkubali bila maswali.

Mimi nilikuwa nimehamia Uthiru majuzi. Nilienda ibada ya Kikamba katika kanisa la karibu, na mlangoni mzee wa kanisa akanipokea kwa mikono miwili, kisha akanigeuza taratibu kuelekea ukumbi wa pili. Ibada ya Kiingereza ilikuwa huko, akasema. Nilimjibu kwa Kikamba kwamba nimekuja kwa ibada hii. Uso ukamchangamka, akamwita mkewe aje asikie.

"Umejifunza vizuri sana," akaniambia. "Umekaa Kenya miaka mingapi?"

Nilimweleza kwamba nilizaliwa Machakos, nikamtajia hadi ukoo wa mama. Akaitikia kwa upole, kama anayemkubalia mtoto, akanitafutia kiti cha mbele. Wakati wa matangazo niliombwa nisimame, nikakaribishwa kama mgeni kutoka ng'ambo. Watu wakapiga makofi. Ningefanya nini?

Jioni nilimpigia dada nimlalamikie. Akaniambia kwamba wiki hiyo ofisini walipigwa picha ya pamoja, na mkubwa wake akamvuta katikati kwa sababu walihitaji Mwafrika aonekane.

Nilidhani hayo yangemaliza ubishi. Wapi! Jumapili iliyofuata, kwa mama, alianza tena, akasema wenzake hawajaelewa tu, watazoea. Nikamwambia anajidanganya. Akaniuliza kama watu wa kanisani kwangu nao watazoea. Nikamwambia kanisa langu halimhusu.

Mama akatuambia kama bado tunaendelea tutoke nje, kichwa kinamuuma.