Pumzi ya Mama kwenye Spika Sita

Kazi yangu ni kusikiliza. Watu wa Sumbawanga wakiniuliza nafanya nini, nawaambia natengeneza sauti kwa kompyuta, za wachezaji wa dansi kuchezea. "Kama DJ?" Nikisema hapana, wananijibu "Haya, sawa," kwa ile sauti ya kumhurumia mtu. Siwalaumu. Sauti zangu hazina mdundo wa kurukia wala maneno ya kuimba. Nachukua mlango unaolia au upepo wa Juni kwenye bati, nauvuta, naukata, naugeuza kinyumenyume, mpaka mwenye mlango asiutambue.

Kazi ninayotaka kuisema ilikuwa ya wachezaji wanne na mwalimu wao, mwanamke mkali aliyekuwa akiwafundisha katika ukumbi wa parokia. Hakutaka watazamaji wakae kwenye viti. Walale kwenye mikeka gizani, wachezaji wapite katikati yao, na sauti iwazunguke kutoka spika sita. "Nataka wajione wako ndani ya mwili wa mtu," aliniambia. Nikamjibu, hilo tu? Nilikuwa na majivuno siku zile, Mungu anisamehe.

Nikaenda Pito, nje kidogo ya mji, kwa mama, kutafuta sauti ya jiwe lake la kusagia. Mashine ya kusaga iko jirani kabisa, lakini ulezi wa uji wake anausaga mwenyewe kwenye jiwe, eti unga wa mashine unanuka mkanda. Nilikuwa nimechomoa kile kisahani chembamba kinacholia ndani ya saa ya mezani, nikakiunga waya, kikawa maikrofoni ya kubandika. Nikakibandika kwenye jiwe, nikavaa hedifoni.

Jiwe lilinguruma vizuri. Lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kingine: mama alikuwa anahema. Hewa ikiingia ilipiga mluzi mwembamba. Ikitoka, chini kabisa, kulikuwa na mchakacho mdogo kama ulezi unaomiminwa kwenye ungo. Vinyweleo vilinisimama, na si kwa hofu. Nilifurahi. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilifurahi kama mtu aliyeokota hela njiani.

"Mama, acha kusaga kidogo. Nigeuzie mgongo."

Akageuka, akashusha kitenge begani bila kuuliza. Nikabandika kisahani chini ya bega. Vuta pumzi, mama. Ishikilie. Achia. Kohoa kidogo. Tena. Alitii kila neno. Mwisho akaniuliza kwa Kifipa kifua chake kinasemaje.

Hapa nieleze vizuri, maana kosa langu liko hapa. Nilielewa anauliza nini. Wiki hiyo hiyo mdogo wangu wa kike, anayeishi nyumba ya pili kutoka kwa mama, alikuwa amenipigia simu kwamba mama anachoka akipanda kale kamwinuko ka kisimani, na Jumatatu atampeleka hospitali. Kwa hiyo nilijua mama anadhani nampima. Ningesema tu, "Mama, hii si mashine ya daktari, mimi sijui kitu." Lakini tungeanza habari za hospitali, angeinuka, na mimi nilitaka dakika kumi zaidi za ule mluzi. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Kizuri sana, mama. Sijawahi kusikia kifua kama hiki. Hebu vuta tena."

Nyumbani kwetu Kifipa ni cha kuombana chumvi. Kiswahili ndicho cha daktari na cha ofisini. Mama akapandisha kitenge, akacheka, akamshukuru Mungu.

Jumatatu akakataa kwenda. Mdogo wangu akanipigia. "Kaka, eti umempima mama kwa mashine?"

Wakati ule ule nilikuwa nakata ile pumzi kwenye kompyuta. "Kama anajisikia vizuri, mwache," nikasema. "Usimsumbue mtu mzima."

Jamani! Mimi ndiye niliyesema hivyo.

"Haya," akasema. "Sikio la kufa halisikii dawa." Alikuwa anamsema mama.

Mazoezi yalichukua wiki tatu. Pumzi moja ya mama niliivuta mpaka ikawa dakika nzima, na ule mchakacho nikauweka kwenye spika za chini, karibu na masikio ya watu wanaolala. Mwenye spika, ambaye huzikodisha kwenye harusi, alisimama mlangoni akasikiliza. "Mshikaji, hujaniulia spika kweli?" Tukacheka. Niliisikiliza ile pumzi mara mia na zaidi. Niliijua kuliko namba yangu ya simu.

Onyesho lilikuwa Jumamosi alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mama nilimwalika. Akasema miguu imevimba kidogo, viatu havimwingii. Nikamwambia asijali, nitamsimulia.

Watu walipiga makofi sana. Taa zilipowashwa, mama mmoja mtu mzima alibaki ameketi kwenye mkeka wake. Mwalimu alininong'oneza kuwa ni nesi mstaafu. Nikamwendea kupokea sifa zangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo anayepumua humo ni nani?"

"Ni mama yangu mzazi."

"Yu hai?"

"Yu hai, yuko Pito."

"Miguu imevimba?"

Nikakumbuka viatu visivyomwingia.

"Usiku analala, au anakaa kitandani?"

"Sijui."

"Mwanangu, nimelala hapa nusu saa namsikiliza mtu anazama. Nenda."

Niliacha vyombo vyote pale pale, nikapanda bodaboda. Nilimkuta mama ameketi kitandani, ameegemea gunia la mahindi. Ndivyo alivyokuwa akilala kwa wiki mbili, maana akijinyoosha anakosa hewa. Hospitali wakasema moyo umepanuka na mapafu yana maji. Daktari akauliza kwa nini tumechelewa hivyo. Mdogo wangu akanitazama. Aliyejibu ni mama, kwa pumzi za kukatikakatika: "Huyu mwanangu alinipima, nilikuwa mzima. Ugonjwa umekuja baadaye."

Alipona, kupona kwa vidonge vya kila siku. Kusaga kukaisha, kisimani akawa haendi tena. Na ile habari akawa anamsimulia kila anayekuja kumpa pole: mwanangu alinipima, nilikuwa mzima. Mwalimu alipotaka tuipeleke ile kazi mji mwingine nilikataa, na sababu sikumwambia.

Asubuhi moja nilimkuta anapepeta ulezi wa kupeleka mashine. Nikakaa chini, nikamwambia yote. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile. Sikujua ni maji, lakini nilisikia kwamba si kifua kizima. Na nilijua unaniuliza nini."

Akaendelea kupepeta.

"Na hao vijana, walicheza vizuri?"

"Walicheza vizuri."

"Haya."

Hakunisema kwa mtu. Nikienda bado ananipikia, bado ananitania kwamba nimekonda kwa kukosa mke wa maana. Ile hadithi ya kupimwa tu ndiyo hajaisimulia tena.

Wiki iliyopita nilimkuta anakohoa. Nikamsogelea, nikanyoosha mkono kumshika mgongo. Akavuta kitenge akafunika bega, akamwita mdogo wangu dirishani: "Njoo unisikilize."

Mdogo wangu hana mashine yoyote. Aliifuta mikono yake yenye unga, akaweka sikio mgongoni mwa mama, akafumba macho. Mimi nikatoka nje kuwapisha.