Sayari ya Miguu Mitatu

Dada yangu mkubwa aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali walimtia chuma, wakamrudisha kwake mtaani Kawangware 46 na fimbo ya kutembelea, wakasema atembee kila siku. Hakutembea. Miezi mitatu alilala akitazama mabati. Ukimuuliza, anasema mguu umekataa. Mimi nilijua si mguu.

Mimi naishi mtaa wa Kambi Muru. Kila Jumamosi nilivaa raba, nikapita mtaa wa Ayany, nikavuka Ngong Road, nikafika kwake na dagaa wa omena kwenye mkebe. Nilimwosha, nikambadilishia shuka, nikamkemea. Daktari wa mazoezi alikuwa ameniita kando akaniambia, kama wanavyotuita sisi bibi wazee, "Shosho, huyu asiposimama mwezi huu, hatasimama tena." Hayo sikumwambia dada. Niliyabeba mwenyewe.

Kitu kimoja tu kilimfungua macho: sinema. Karibu na kwangu kuna kibanda cha video ambapo mchana huweka zile sinema za meli ya angani. Zimekuwa zikitoka tangu watoto wangu wakiwa wadogo, moja baada ya nyingine, watu ni wale wale, wanazeeka tu kama sisi. Kwetu huwekwa zikiwa na dijei, yule mtu anayetia sauti yake juu ya Kizungu na kutueleza kila kitu kwa lugha yetu. Nikishaona, namsimulia dada.

Ile mpya ilikuwa ya kuchekesha. Meli inaharibika, wanaanguka kwenye sayari ambayo kila mtu ana miguu mitatu. Wenyeji wanawahurumia sana, wanadhani ni vilema, wanamchongea kila mmoja mguu wa mbao. Nahodha anajikwaa na wake mbele ya malkia. Nilipomsimulia hapo, dada alicheka mpaka akashika nyonga. Nikaendelea. Malkia akampenda nahodha. Meli ikatengenezwa. Nahodha akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Hapo nikanyamaza, nikaanza kuosha mkebe.

"Sasa? Aliingia ama alibaki?"

"Sikwambii."

"Wewe!"

"Kuna kibanda cha video hapo chini, karibu na posho mill. Nimeuliza, wataiweka Jumamosi ijayo. Ukitaka kujua, enda na miguu yako."

"Una roho mbaya tangu utoto."

"Si ulinifunza wewe?"

Akageukia ukuta. Niliondoka bila kuagana. Nilipofika Ngong Road nilisimama kando ya barabara muda mrefu, nikiogopa kwamba nimemvunja mara ya pili.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta ameketi kitandani, amevaa rinda la kanisa.

"Leta hiyo fimbo," alisema.

Hatua ya kwanza alinitukana mimi. Ya pili akamtukana daktari. Kutoka mlangoni kwake hadi posho mill, pale pa kusagia unga, ni dakika tatu kwa mtu mwenye afya. Sisi tulimaliza saa nzima, kwa sababu nilibeba kiti cha plastiki, na kila baada ya hatua kumi nilikiweka chini akapumzika. Mama wa mboga akatuona na kiti chetu akauliza, "Mashosho, mnahama?"

"Tunaenda angani," dada akamjibu.

Mwenye video, mwanamume mnene mwenye kofia, aliwaondoa vijana kwenye benchi la mbele, tukakaa. Sinema ikaanza. Kizungu kitupu. Hakukuwa na dijei.

Dada akanigeukia. "Ulisema nahodha ni mtu wa kwetu Kakamega, ametoroka mahari. Mbona huyu ni Mzungu mtupu?"

Kweli nilisema. Dijei ndiye aliyesema, na mimi miaka yote hiyo nilidhani ndivyo sinema yenyewe ilivyo. Shule niliachia darasa la tatu, ningejuaje?

"Umenidanganya. Nirudishe nyumbani, nimeteseka bure." Alikuwa tayari ameshika fimbo.

Nilijua akirudi kitandani na hasira hiyo, imekwisha. Kwa hivyo nilisimama, nikaenda kando ya ile televisheni, nikawageukia watu.

"Mwenye video, punguza sauti. Wanaojua Kizungu wazibe masikio."

Vijana wakapiga kelele. "Dijei shosh! Wape!"

Nikawapa. Nahodha akawa mtu wa Kakamega tena. Mpishi wa meli nikamfanya shemeji yake, anayemdai ng'ombe hata huko juu. Nilipokumbuka nilisema, niliposahau nilitunga, na sikuona haya. Wale wa miguu mitatu walipotokea, dada aliangalia fimbo yake akasema kwa sauti, "Kumbe mimi ni wa huko!" Kibanda kizima kikacheka.

Nahodha alipofika mlangoni pa meli, nilifunga mdomo. Hapo hapakutaka maneno. Dada aliinama mbele, akajionea mwenyewe.

Tulipotoka alikuwa amekasirika, lakini si na mimi.

"Mjinga yule! Mtu anapendwa hivyo, na malkia, halafu anaingia kwenye meli?"

"Alikuwa na kazi."

"Kazi gani? Angebaki! Hata mguu walishamchongea!"

Alikuwa mbele yangu, anasimama kidogo, anachapa hewa na fimbo, anaendelea. Mimi nilifuata nyuma na kiti kichwani. Tukapita hatua kumi. Tukapita kumi nyingine, tukampita mama wa mboga, dada bado anamgombeza nahodha. Sikusema neno, nisije nikamkumbusha kuhusu kiti.