Kombe la Neno la Kizungu

Wiki iliyopita nilipita kwa kina mama wanaonikaangia dagaa pale Kibirizi, nikamkuta mmoja anakwangua masizi kwenye tako la sufuria. Harufu ile ilinisimamisha: masizi makavu, moshi wa kuni, na kwa mbali kitu kama gundi ya mti. Mama wa watu alidhani nimekuja kukagua, akaanza kujitetea. Kumbe bosi wake, yaani mimi, alikuwa hayupo pale. Alikuwa Ujiji, mtoto wa miaka minane, anatetemeka kwa homa na bakuli la maji meusi limewekwa mdomoni mwake.

Niwaambie kwanza ninyi msionijua. Shika mwalo wowote wa kushushia samaki kuanzia Kibirizi mpaka Kagunga, nitaje jina, utapewa kiti. Boti ni zangu, barafu ni yangu, na lori linalopanda Mwandiga alfajiri limeandikwa jina la mama yangu ubavuni. Shule niliishia darasa la nne. Sikurithi hata ndoano. Ila habari ya leo si ya mali zangu, ingawa nazo zina habari zake.

Baba akiwa ziwani, sisi na mama tulikaa Ujiji kwa babu mzaa mama. Mji mzima ulimwita Maalim, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Alisomesha chuo barazani kwake. Wino alitengeneza mwenyewe, masizi ya sufuria na gundi ya mti na maji kidogo, tukaandika kwa kalamu za matete juu ya mbao. Ukishahifadhi, ubao unaoshwa, na yale maji hayamwagwi ovyo, maana yamebeba aya. Yanamwagwa nyuma ya nyumba pasipokanyagwa, au anapewa mgonjwa ayanywe, ndilo kombe. Bibi, mke wa Maalim, hakujua hata alifu, lakini akiona herufi za Kiarabu kwenye kipande cha gazeti njiani, huinama, akakiokota na kukichomeka juu kwenye paa.

Baba yangu alikuwa Mha wa Kagunga, mvuvi, mtu wa neno moja. Mwaka huo alitangaza mbele ya wavuvi wenzake, mchana kweupe, kwamba dada yangu Mwamini ataacha sekondari. Kiingereza, alisema, kinamfundisha mtoto kujibu wakubwa. Dada alikuwa kidato cha pili. Mama alilia. Mwamini hakulia, alikwenda kwa Maalim.

Maalim hakumtetea. Alimpelekea baba ujumbe: njoo Jumamosi asubuhi tuipime hiyo lugha, ikiwa ni pumba tutaipeta pamoja. Kisha akamwambia Mwamini, "Niletee neno moja tu la Kizungu. Nitaligeuza Kiarabu, tuone lina uzito gani."

Mwamini akaleta draw. Mimi nikacheka, maana hilo nililijua: timu zimetoka droo.

"Nyamaza wewe," akaniambia. "Umeshika tawi, mti hujauona."

Maalim hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, na maelezo ya mdomo hakuyataka. Alitaka neno lifanye kazi mbele ya macho yake. Basi Mwamini akashika kamba ya kuanikia nguo akaivuta kama wavu. Maalim akatamka, "Yajurru." Mwamini akachota maji kwenye pipa: yastaqi. Akachora mbuzi mchangani kwa kidole: yarsumu. Akaenda mpaka mlango wa ua, akarudi kwa hatua ndogo ndogo akitusogelea. Hapo mzee alifikiri kidogo, kisha uso ukamkunjuka. "Yaqtaribu. Ndipo ilipotoka karibu yetu." Ya mpira ilinihusu mimi na mtoto wa jirani, tulifungana bao moja moja, tukaambiwa taadul, tumetendeana haki. Kila neno Maalim aliliandika kwenye ubao wa Mwamini kwa mwandiko wake ule wa kupendeza.

"Hii lugha ya watu wenye haraka," akasema. "Kanzu moja wanaivaa shambani, harusini na msibani."

"Ndiyo maana inataka mtu wa kuiangalia, babu," Mwamini akamjibu.

Ijumaa mchana homa ikanikamata. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimejikunyata mkekani, na Bibi alikuwa wa kwanza kuingia. Akauona ubao ukutani umejaa Kiarabu. Akauosha kwenye bakuli, akasoma ile Fatiha aliyoijua kwa kusikia, akaninywesha. Ladha yake ilikuwa ya moshi na mchanga. Nilimaliza yote.

Baba akaja na wavuvi wawili, wawe mashahidi. "Shikamoo, mkwe. Haya, huo uzito uko wapi?"

Mwamini akaenda kuuchukua ubao. Mweupe.

"Nimempa mtoto," Bibi akasema, wala hana wasiwasi. "Kwani hamkumsikia alivyokuwa akitetemeka?"

Maalim akavua kofia, akaivaa tena. "Mke wangu," akasema taratibu, "umemnywesha mjukuu wako wavu, ndoo ya maji na mechi ya mpira."

Wavuvi wakaangua kicheko. "Basi tungoje," mmoja akasema, "litatoka lenyewe!"

Baba hakucheka. "Kizungu kimeishia tumboni. Mwamini, mfuate mama yako jikoni."

Mwamini hakwenda. Alisimama mikono nyuma, macho chini kama heshima inavyotaka, akaanza kuyataja maneno yaliyooshwa. Kizungu, Kiarabu, Kiswahili, lile la wavu, la maji, la mbuzi, la kusogea, la mpira.  Alipomaliza akaongeza la kwake, alilolikuta kwenye kamusi ya shule: Wazungu hutumia neno hilo hilo kwa kina ambacho chombo kinazama majini kikibeba mzigo.

"Hilo Kiarabu chake sikijui," Maalim akakiri.

Baba akainua kichwa. "Chombo? Hata mtumbwi wangu?"

"Hata mtumbwi wako, baba."

 Baba akaja mkekani, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Nilikuwa nimelowa jasho, wa baridi. Akawageukia mashahidi wake. "Homa imeshuka. Neno limeniponyea mtoto, nami siwezi kulifukuza nyumbani kwangu. Jumatatu aende shule."

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba dada yangu, mwalimu yule mnayemwona, nilimsomesha kwa tumbo langu. Mpaka siku moja, tayari nina boti, tajiri mmoja aliapa mbele ya mwalo mzima kwamba hatashusha bei ya nyavu zake. Nilimwona anataka kushusha, ila hana pa kupitia. Nikamwambia kwa sauti kwamba nyavu zake zimepigwa na mvua, zimepungua thamani. Hazikuwa zimepigwa na mvua. Akashusha, tukapeana mkono, hakuna aliyemcheka.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo nikamwelewa baba. Ijumaa ile jioni, kabla Bibi hajaugusa ubao, ni yeye aliyepita kuniona, akaninyanyua kichwa, akanimezesha vidonge vya klorokwini kwa mkono wake mwenyewe.